Gari la Nyumba: Magurudumu Mawili au Manne?



Katika zama zetu hizi gari si pambo tena. Limekuwa chombo cha nyumba, kama lilivyokuwa jembe kwa wazee wetu. Kwa gari mtoto hupelekwa shule, mazao hufikishwa sokoni, na mama mwenye uchungu hukimbizwa hospitali usiku wa manane. Hivyo mwenye nyumba anapokusanya akiba ya miaka mingi ili anunue gari moja tu, yampasa ajue anachokinunua, asije akalipa mara mbili.

Sisi wakaazi wa Tarime na Serengeti jambo hili latugusa khasa. Ipo barabara kuu ya lami itokayo Mwanza na Musoma, ikavuka Mto Mara kwa daraja la Kirumi, ikapita Tarime mpaka Sirari mpakani mwa Kenya. Lakini ukiiacha lami hiyo, aghlabu utakanyaga udongo. Nao ni wa namna mbili. Katika nyanda za juu za Tarime utakuta milima na udongo mwekundu, ambao ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Na katika mabonde ya wilaya ya Serengeti utakuta udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, na wakati wa masika hunata kama gundi.

Zamani uchaguzi ulikuwa mwepesi. Mwenye safari za porini alitafuta Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Na mwenye safari za mjini alinunua gari dogo, kama Peugeot 504 ya mwaka 1968, lililosukumwa na magurudumu ya nyuma. Leo mambo yamechanganyika. Gari moja, lenye sura moja na jina moja, hutengenezwa kwa namna mbili: moja huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake, na la pili hupata nguvu katika magurudumu yote manne. Mfano ulio karibu nasi ni Toyota Probox, iliyotoka Japani kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ambayo watu wetu huipanda kila siku kwa jina la mchomoko. Toyota RAV4 nayo, kwa toleo lililoanza mwaka 2000, ilitolewa kwa namna zote mbili.

Basi tofauti yao ni nini?

Katika gari la magurudumu ya mbele, injini na giaboksi hukaa pamoja chini ya boneti, na uzito wake hulala juu ya magurudumu yale yale yanayovuta. Ndiyo sababu gari hilo hushika njia vizuri likiwa halina mzigo. Ni jepesi, lina vyuma vichache, na halili petroli nyingi.

Katika Probox ya magurudumu manne, huongezwa propela shafti ipitayo chini ya gari mpaka kwenye difu ya nyuma. Kati yake kuna chombo chenye sahani nyembamba zilizozama katika mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele yakianza kuteleza na kuzunguka kwa kasi kuliko ya nyuma, mafuta yale huzishika sahani, na nguvu ikapelekwa nyuma. Dereva habonyezi kitu wala havuti kitu. Lakini ieleweke pia kwamba gari hilo halina gia ndogo ya kupandia milima kama walivyo Land Rover na Land Cruiser. Ni msaidizi wa utelezi, si trekta.

Sasa tuyapime magari haya katika njia zetu.

Kwanza, mlima. Gari lililojaa watu na magunia likipanda kilima, uzito huhamia nyuma, na magurudumu ya mbele yakawa mepesi. Gari la kuvutwa na mbele hapo huanza kuteleza wakati ule ule linapohitaji nguvu zaidi. Madereva wazoefu hulijua jambo hili, ndipo baadhi yao hugeuza gari wakapanda kinyumenyume, ili magurudumu yenye nguvu yawe upande wa chini uliolemewa. Gari la magurudumu manne halina haja ya hila hiyo, kwa kuwa uzito ukihamia nyuma hukuta nguvu ipo inangoja. Kwa hiyo kwa mtu wa milimani, faida yake ni dhahiri.

Pili, mbuga. Hapa wengi hudanganyika. Udongo mweusi ukishajaza kashata za tairi, tairi nne huwa vipara vinne. Na gari likikaa kwa tumbo, magurudumu yote huzunguka bure. Mahali kama hapo, tairi nzuri, urefu wa gari kutoka ardhini, na koleo ndani ya buti ni bora kuliko jina lililoandikwa mlangoni.

Tatu, kusimama. Magurudumu manne yenye nguvu husaidia kuondoka. Hayasaidii kufunga breki. Gari la namna zote mbili hushuka mtelezo kwa hatari ile ile. Wala hakuna gari la nyumba lililoumbwa kuvuka mto uliofurika. Kijana anayejitosa katika maji kwa kuitumainia propela shafti anaziweka rehani roho za waliomo.

Nne, gharama. La magurudumu manne ni zito zaidi, takribani kwa uzito wa mtu mzima mmoja, na hula petroli zaidi kila siku, hata siku ya jua. Difu yataka oili yake. Tairi zote nne zapasa ziwe za kipimo kimoja na zilizolika sawasawa. Ukichanganya mpya na kuukuu, kile chombo cha silikoni hufanya kazi bila kupumzika mpaka kikaharibika. Na likikwama, lisivutwe huku magurudumu mawili yameinuliwa na mawili yakiburura.

Mnunuzi asitosheke na maneno ya muuzaji. Ainame atazame chini kama propela shafti ipo, kisha asome kibao cha gari. Katika Probox za mwanzo, NCP51 ni ya magurudumu ya mbele, na NCP55 ni ya manne.

Rai yetu ni hii. Mwenye nyumba ya Tarime mjini, Sirari, au popote karibu na lami, ambaye hukutana na matope mara chache kwa mwaka, gari la magurudumu ya mbele lamtosha. Na fedha atakayookoa ainunulie tairi nzuri. Lakini anayekaa milimani, au ndani ya vijiji vya Mugumu, ambaye mgonjwa wake hana njia nyingine ya kufika hospitali usiku wa masika, kwake magurudumu manne si anasa bali ni haja, na gharama yake ina sababu.

Kununua kwa kushindana na jirani ni israfu. Kununua kwa kuzijua njia zako na watu wako ndiyo busara. Basi kabla ya kwenda kwa muuzaji, kaeni mume na mke, mhesabu siku za matope katika mwaka, kisha mchague.