Gari la Chupa na Hesabu za Kemia

Watoto wa Geita, kama wenzao wa mikoa mingine ya Tanzania, huunda magari yao wenyewe. Waya hukunjwa ukawa fremu, kandambili zilizochakaa hukatwa zikawa magurudumu, na chupa tupu ya maji huwa bodi. Kwa kawaida gari la namna hiyo husukumwa kwa fimbo au huvutwa kwa kamba. Likipewa gesi, huweza kwenda lenyewe. Na hapo hugeuka kuwa chombo cha kufundishia sehemu ya kemia inayowatisha wanafunzi wengi, yaani stoikiometria.

Neno hilo lilibuniwa mwaka 1792 na mwanakemia wa Kijerumani, Jeremias Benjamin Richter, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya elementi na kipimo. Maana yake ni nyepesi kuliko sura yake. Vitu vinapomenyuka huungana kwa uwiano maalumu, na anayeujua uwiano huo aweza kueleza mapema ni kiasi gani kitahitajika na ni kiasi gani kitapatikana. Mpishi naye hujua kibaba cha mchele chahitaji maji kiasi gani. Tofauti ni kwamba mpishi aweza kukisia, hali atomu hazikisii.

Gari la chupa huendeshwa kwa siki na soda ya kuumulia mikate. Mlinganyo wake ni huu:

NaHCO3 + CH3COOH → CH3COONa + H2O + CO2

Moli moja ya soda, ambayo ni gramu 84, humenyuka na moli moja ya asidi ya siki, yaani gramu 60, na kutoa moli moja ya kaboni dioksidi. Uwiano wa uzito basi ni 7 kwa 5. Siki ya dukani yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 5 za asidi katika kila mililita 100. Kwa hiyo mililita 100 zatosheka na gramu 7 za soda. Mwanafunzi atakayetia gramu 14 kwa tamaa ya kupata gesi maradufu atapata gesi ile ile, na nusu ya soda yake itabaki ndani ya chupa bila kazi. Asidi ndiyo iliyokwisha kwanza, na kile kinachokwisha kwanza ndicho kinachoamua kiasi cha mazao.

Hapa Geita ina somo lake la pekee. Vitabu vingi husema kwamba moli moja ya gesi, katika joto la kawaida la chumba, hujaza lita 24. Hesabu hiyo ni ya pwani. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Geita uko juu zaidi ya ziwa. Kanieneo ya hewa huko ni takriban asilimia 87 ya ile ya Dar es Salaam. Hivyo moli ile ile hutanuka hata kukaribia lita 28. Mwanafunzi wa Geita atakayekusanya gesi yake juu ya maji na kupata zaidi ya inavyosema kanuni ya kitabuni asifute jibu lake.

Kiasi hicho cha gesi si jambo la mchezo. Gramu 7 za soda ni sehemu ya kumi na mbili ya moli, nayo hutoa lita 2.3 hivi. Chupa ya nusu lita yenye mililita 100 za siki imebakiwa na nafasi ya mililita 400 tu. Kizibo kikikwama, gesi hiyo itaongeza kanieneo ya ndani kwa karibu mara sita ya ile ya hewa ya nje, na chupa nyembamba ya maji yaweza kupasuka. Kwa hiyo hesabu hutangulia jaribio. Ikiwa nafasi ni mililita 480, na inatakiwa kanieneo iongezeke mara moja tu, yatosha gramu 1.4 za soda na mililita 20 za siki. Soda ifungwe katika karatasi nyepesi ili ichelewe kulowa, kizibo kiwe cha gunzi lisilokazwa, mdomo wa chupa uelekee nyuma, na watazamaji wote wakae ubavuni. Gunzi, gesi na siki vinaporuka nyuma, gari huenda mbele kwa kanuni ya tatu ya Newton.

Shule isiyo na soda ya dukani yaweza kujaribu magadi ya sokoni, yale yanayotiwa katika maharage. Magadi safi yana fomula Na2CO3·NaHCO3·2H2O. Gramu 226 zake hutaka moli tatu za asidi lakini hutoa moli mbili tu za gesi. Maana yake, kwa siki ile ile, gari la magadi hupata theluthi mbili ya gesi ya gari la soda. Magadi ya sokoni huwa yamechanganyika na udongo na chumvi, nayo hutoa pungufu zaidi kwa uzito ule ule. Upungufu huo wenyewe ukipimwa huonyesha usafi wa magadi, na hilo ni zoezi zuri kuliko mbio za gari.

Katika mkoa huu hesabu za namna hii haziishii darasani. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa mwaka 1898. Mgodi wa zama za kikoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa leo ulianza kuzalisha mwaka 2000. Dhahabu huyeyushwa kutoka katika mawe yaliyosagwa kwa maji yenye sianidi ya sodiamu na oksijeni:

4Au + 8NaCN + O2 + 2H2O → 4Na[Au(CN)2] + 4NaOH

Kwa mlinganyo huo, gramu 197 za dhahabu zahitaji gramu 98 za sianidi, yaani nusu ya uzito wake. Katika uchenjuaji halisi hutumika nyingi kuliko hizo, kwa kuwa shaba na salfa zilizomo katika mawe nazo huila sianidi. Maji hayo hutiwa chokaa yasije yakawa na asidi, kwani sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi ya sianidi haidrojeni, ambayo huua. Mmenyuko huo ni ndugu wa ule wa gari la chupa: chumvi, asidi, gesi.

Na sianidi ya sodiamu, kwa macho, ni kitu cheupe kama soda. Kwa sababu hiyo mwalimu wa Geita hana budi kukataa unga wowote mweupe usio na lebo ambao mwanafunzi ameuleta kutoka nyumbani au machimboni, pamoja na chupa au ndoo yoyote iliyopata kutumika penye uchenjuaji, hata ikiwa imeoshwa. Soda inunuliwe dukani, katika pakiti ambayo haijafunguliwa.