Mikanda ya Kabambare: Kazi ngumu iko upande usioonekana

Mtu anaponunua mkanda wa suruali sokoni, kwanza hutazama rangi, kisha hutazama bizimu. Ni wachache wanaougeuza. Lakini huko nyuma, upande unaolala kwenye suruali, ndiko liliko jibu la swali la kila mnunuzi wa Kabambare na Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema: je, mkanda huu utamaliza mwaka?

Ngozi ina pande mbili zisizofanana. Upande wa juu, uliokuwa na manyoya, ni mgumu na umebana. Upande wa chini, uliokuwa umeshikana na nyama, una nyuzi zilizolegea zinazosimama kama malaika ya mkononi. Zikiachwa hivyo, husugua kitambaa, hudondosha vumbi la kahawia kwenye shati jeupe, na hunywa jasho. Mkulima anayeinama shambani kutwa nzima, au mchimbaji wa dhahabu kule Salamabila, huulowesha mkanda wake kila siku. Ngozi inayolowa jasho na kukauka, kisha ikalowa tena, hukakamaa. Mwisho hupasuka, mara nyingi kuanzia penye matundu.

Kwa fundi wa huku, kulainisha upande huo si pambo. Mkanda wake unapangwa meza moja na mikanda ya plastiki inayotoka ng'ambo, ambayo nyuma yake ni laini tangu kiwandani na bei yake ni ndogo. Mteja akipitisha kidole nyuma ya mkanda wa ngozi halisi akakuta nyuzi zinamwaga unga, atachukua ule wa plastiki, hata kama utachanika baada ya miezi michache.

Tatizo la pili ni ngozi yenyewe. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara tangu karne ya 19. David Livingstone aliyefika hapo mwaka 1869 alikwama kwa muda mrefu, miguu ikiwa na vidonda, na Tippu Tip alikuwa na makao yake Kasongo. Kiswahili kilikuja na misafara hiyo kutoka pwani, ambako kulikuwa na mafundi hodari wa ngozi kama wale wa Siyu, kisiwani Pate. Lugha ilikaa, ila ng'ombe hawakuenea, maana mbung'o hawawapi nafasi. Ng'ombe wengi wako mashariki, kwenye nyanda za juu za Itombwe na Fizi, na njia ya kutoka huko ina matope na mara nyingi haina usalama. Mifugo ya nyumbani ni mbuzi, na mbuzi sehemu nyingi za Kongo huunguzwa manyoya, ngozi ikaliwa pamoja na nyama. Huwezi kumlaumu mtu kwa kula ngozi yake.

Kwa hiyo fundi viatu, au kordonye kama wengi wanavyomwita Kongo, hana budi kuijua ngozi aliyonayo kabla ya kushika kisu. Mkanda wa tabaka moja unataka ngozi ya ng'ombe ya milimita 3 hadi 4, iliyokatwa mgongoni. Ya tumboni huvutika, na nyuma yake hailainiki hata ukiisugua mpaka jioni.

Namna ngozi ilivyotengenezwa nayo ina neno lake. Iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama yale ya miwati yanayovunwa Njombe nchini Tanzania, hukubali kusuguliwa ikang'aa. Iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu, ambayo ndiyo nyingi zaidi duniani leo, ni laini kama kitambaa na nyuzi zake hurudi kusimama. Dalili ya haraka ni kutazama mahali ilipokatwa: ya kromu mara nyingi huwa na rangi ya samawati au kijivu ndani.

Ngozi ikiwa ya magome, kazi inaanza kwa kisu kikali kinacholazwa, kuondoa nyuzi ndefu na mabaki ya nyama. Msasa hufuata, ngozi ikiwa kavu. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu msasa peke yake huamsha nyuzi nyingine. Rangi nayo ipakwe sasa, maana upande ukishazibwa hauinywi tena.

Kisha upande huo huloweshwa kidogo kwa kitambaa na kupakwa kitu cha kunata. Gundi ya mgunga iliyoyeyushwa katika maji inafaa. Uji mwepesi wa wanga wa muhogo, ambao Maniema haukosekani, nao hulaza nyuzi, ila kwenye unyevu huota ukungu na wadudu huupenda. Fundi anayeutumia aufunike kwa nta ya nyuki baadaye. Mafuta ya mawese tusiyaguse kabisa: yataacha rangi nyekundu kwenye suruali ya mteja, kisha yatachacha.

Gundi ikianza kukauka, bado ina ubaridi mkononi, ndipo inaposuguliwa kwa chupa ya kioo au kipande cha mti mgumu kilicholainishwa. Mkono unakwenda upande mmoja, kwa nguvu, mpaka ngozi itoe mng'ao. Ukisugua mapema mno gundi huviringika, ukichelewa nyuzi hazilali. Mkono wa pili wa gundi hupakwa wa kwanza ukishakauka.

Sehemu moja haiguswi: sentimita kama 7 za mwisho, pale ngozi inapokunjwa kushika bizimu. Gundi ya kubandikia haishiki mahali palipong'arishwa, inataka nyuzi za kung'ang'ania. Ndiyo sababu pia anayefanya kazi na ngozi ya mbuzi, ambayo ni nyembamba, hafuati njia hii. Yeye hubandika tabaka mbili, nyama kwa nyama, na badala ya kulainisha hukwaruza zaidi, kisha hushona kingo zote kwa msharasi. Mkanda wa namna hiyo hauna upande wa nyama unaoonekana, na kwa Kabambare yenye mbuzi wengi kuliko ng'ombe, huenda ndio wenye faida zaidi kwa fundi anayeweza kuipata ngozi kabla haijaingia motoni.

Lililobaki ni kukausha, na msimu wa mvua hilo ndilo linalojaribu subira. Ngozi mbichi ikiwekwa karibu na moto hujikunja na kuwa ngumu kama ubao, na hakuna gundi ya kuirudisha. Huning'inizwa kivulini, penye upepo, usiku kucha. Mteja anayetaka mkanda leo hii huambiwa aje kesho.