Mnyoo anayejenga mwamba kwa mchanga

Ukitaja mnyoo, wengi wetu hufikiria yule wa tumboni au nyungunyungu wa shambani. Leo tunamweleza mwingine, wa baharini, ambaye kazi yake ni kujenga. Wanasayansi humwita Sabellaria alveolata. Makazi yake makubwa kuliko yote barani Ulaya yako Ufaransa, katika ghuba ya Mont-Saint-Michel.

Urefu wake ni sentimita 3 au 4 tu. Mawimbi yanapotibua mchanga, yeye hudaka chembe na vipande vya makombe, kisha huviunganisha kimoja kimoja kwa gundi inayotoka mwilini mwake, mpaka apate bomba la kukaa. Jirani yake naye hufanya vivyo hivyo. Mabomba yakishikana kwa maelfu, huonekana kama sega la nyuki, ila gumu. Waliozoea kuona kichuguu watatuelewa upesi: mjenzi mdogo, jengo kubwa.

Maji yakijaa, minyoo hawa hutoa vichwa na kuchuja vimea vidogo vinavyoelea. Maji yakipwa, hujificha ndani wasikauke.

Faida yake ni nini? Kwenye mchanga mtupu viumbe wengi hawana pa kushika wala pa kujificha. Mwamba huu una mashimo na nyufa, na humo hukaa kaa, konokono, kome na minyoo wa aina nyingine.

Hatari kubwa mojawapo ni sisi binadamu. Watu huufikia mwamba kwa miguu maji yakipwa, na wengine huuvunja kwa vyuma wakitafuta chaza na kaa. Bomba likikatika ncha, mnyoo hulitengeneza. Pande zima likibomolewa, waliomo hufa, na mawimbi hulipanua shimo.

Tena kuna jambo la kizazi kijacho. Mabuu ya mnyoo huyu huelea baharini kwa wiki kadhaa, kisha hutafuta pa kutua. Hupenda zaidi kutua palipo na gundi ya mabomba ya wakubwa wao. Kwa hiyo anayeuvunja mwamba wa leo anawanyima watoto mahali pa kuanzia.

Wasikilizaji wetu wa pwani mnaokwenda kutafuta pweza maji yakipwa, hoja hii mnaijua: ukipindua jiwe, lirudishe lilivyokuwa. Chini yake kuna wenyewe.