Uchovu wa Kurudi Mashariki

Mzazi wa Kitanzania anayerejea Dar es Salaam baada ya kuwatembelea wanawe na wajukuu mjini New York huvuka tofauti ya saa 7 au 8, kutegemea majira, na uchovu anaoshuka nao hautokani na urefu wa safari pekee. Ndani ya ubongo mna kundi dogo la seli, yaani saa ya mwili, linaloongoza nyakati za usingizi, njaa na joto la mwili, nalo hujirekebisha hasa kwa mwanga unaoingia machoni. Kwa kuwa mzunguko wake wa asili, kwa watu wengi, huzidi kidogo saa 24, mwili huvumilia zaidi siku iliyorefuka kuliko iliyofupishwa. Ndiyo maana kurudi mashariki, ambako hufupisha siku, huchosha zaidi. Alfajiri ya New York, ambayo saa ya mwili bado huifuata, huangukia adhuhuri ya Dar es Salaam, hivyo siku za mwanzo jua la alasiri humfaa msafiri kuliko la asubuhi, na wageni wanaokuja kumpa pole wangemtendea hisani kubwa wakisubiri kidogo.