Deraya ya Milimita 12

Alasiri moja ya masika, mvua ilipokuwa ikishuka kutoka Meru na matope yamejaa vichochoroni mwa Levolosi, si mbali na soko la Kilombero, nilijisitiri katika chumba kimoja ambamo vijana hulipa ili wacheze michezo ya kompyuta, nikamkuta mvulana akiendesha kifaru cha Kijapani, na wenzake wamemzunguka wakimpa shauri. Kombora la adui lilimpasua ubavu likatokea upande wa pili bila ya kulipuka, na mmoja wa wale wenzake akamwambia, "Umepona kwa sababu bati lako ni jembamba," nao wote wakaafiki kana kwamba ni jambo lisilohitaji ushahidi. Neno lile lilinikaa moyoni, kwani ni kweli tupu ya elimu ya maumbile, na watu walioigundua kwanza waliigundua vitani. Nami nimeona ni wajibu kulieleza, ijulikane asili ya neno hilo na mpaka wake.

Kifaru kile, ambacho Wajapani walikiita Ha-Go na kukipa namba 95, ni miongoni mwa magari ya deraya ya Japani yaliyoingizwa katika michezo mashuhuri ya vita: World of Tanks uliyaingiza mwaka 2013, na War Thunder ukafuata mwanzoni mwa 2017. Kina uzito wa tani 7 na kitu, watu 3 ndani yake, mzinga wa milimita 37, na deraya ambayo hata pale ilipo nene kuliko pote haizidi milimita 12, yaani bamba la kuzuia risasi za bunduki, lisilo na kinga yoyote mbele ya mzinga. Ndugu yake mkubwa, Chi-Ha, namba 97, ana tani zipatazo 15, deraya ya milimita 25, na mzinga mfupi wa milimita 57 uliokusudiwa kuvunja maboma na viota vya bunduki za rashasha, usiokusudiwa kushindana na kifaru mwenziwe.

Kombora la kupenya deraya, katika umbo lake la asili, ni kipande cha chuma cha pua kinachotoboa kwa nishati ya mwendo wake, na nishati hiyo hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa kasi, kisha kwa kasi tena, na jumla yake kuigawa kwa mbili. Kwa kuwa kasi huingia mara mbili katika hesabu na uzito huingia mara moja tu, kombora jepesi lendalo mbio laweza kulishinda zito lendalo polepole. Tuchukue kombora la ule mzinga wa milimita 57, lenye uzito wa kadiri ya kilo 2 na nusu na kasi ya kadiri ya mita 400 kwa sekunde: nishati yake ni jouli 200,000. Kisha tuchukue lile la mzinga wa milimita 47, ambao Wajapani waliufunga baadaye juu ya Chi-Ha hiyo hiyo, lenye kadiri ya kilo 1 na nusu na mita 800 kwa sekunde: nishati yake ni jouli 480,000, na fauka ya hayo nguvu yote hiyo huangukia tundu dogo zaidi. Somo hilo Wajapani walifundishwa mwaka 1939 huko Khalkhin Gol, mpakani mwa Mongolia, ambako mizinga ya Warusi iliwatoboa kutoka mbali na yao ya milimita 57 ikashindwa kujibu. Mvulana wa Levolosi hufundishwa leo kila anapobadilisha kifaru kimoja kwa kingine.

Sharti la pili la kupenya ni mwelekeo wa bamba. Bamba la milimita 25 likilazwa kwa nyuzi 60 kutoka wima, kombora lijalo kwa usawa wa ardhi hulazimika kukata milimita 50 za chuma kabla ya kutokea ndani, mbali ya kuwa aghalabu huteleza likaruka kando, kama jiwe bapa linavyoruka juu ya maji. Ndiyo maana mchezaji mahiri huugeuza mwili wa kifaru chake kidogo asiuelekeze wima kwa adui, naye pengine hajui kwamba anatumia kanuni ile ile ya pembetatu ambayo asubuhi, mbele ya ubao wa darasani, aliiona kavu na isiyo na faida.

Ama lile fumbo la bati jembamba, jawabu lake limo katika fyuzi. Yako makombora ya kupenya ambayo yamebeba baruti kidogo tumboni, nayo hutakiwa yalipuke yakiwa yamekwisha kuingia ndani. Kwa hiyo fyuzi yake, iliyofungwa nyuma, haiamki mpaka kombora ligongane na chuma cha kutosha kulipunguzia mwendo. Bamba la milimita 12 halilipi kombora upinzani huo, basi hupita upande huu na kutokea ule kama sindano katika kitambaa. Wamarekani katika visiwa vya Pasifiki waliyaona hayo kwa macho yao, wakaacha kuvipiga vifaru vya Kijapani kwa makombora ya kupenya na kuvipiga kwa yale ya kulipuka, ambayo hayahitaji kupenya ndipo yaue. Wembamba, basi, ulikuwa salama ya nukta moja tu.

Yafaa kuuliza kwa nini taifa lililounda manowari kubwa kuliko zote za zama zake liliwatuma watu wake vitani ndani ya bati la namna hiyo. Japani ilikuwa na chuma haba, na sehemu kubwa ya chuma hicho ilichukuliwa na jeshi la majini na viwanda vya ndege; vifaru vyake vilitakiwa viwe vyepesi ili vipakiwe melini na kupita juu ya madaraja dhaifu; navyo vilikusudiwa kwa vita vya China, ambako adui alikuwa na silaha chache za kuvunjia deraya. Walipounda kifaru chenye mzinga wa milimita 75, kiitwacho Chi-Nu, kilibakizwa nyumbani kulinda visiwa vyao, na vita vikamalizika mwaka 1945 bila ya kufyatua kombora hata moja juu ya adui. Katika mchezo, Chi-Nu hupigana kila siku.

Hapa ndipo habari hii inapotufikia sisi. Machi 1944, karibu na Tamu, mpakani mwa India na Burma, vifaru vya Ha-Go vilikutana na vifaru vya Lee vya Waingereza, vyenye mzinga wa milimita 75 na deraya ya mbele ya milimita 51, na hesabu tulizozitaja zikaamua mambo kwa muda mfupi. Miezi michache baadaye, Agosti, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliingia Tamu, wakaanza kuteremka Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya nchi ile. Miongoni mwao zilikuwamo batalioni za 26 na 36 za Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, zilizoandikishwa Tanganyika. Bonde hilo askari walilipa jina la Bonde la Mauti, na aliyewaua humo hakuwa Mjapani peke yake, kwani malaria na homa ya utitiri wa vichakani viliwaandama pamoja naye; barabara ziligeuka matope, na chakula kikawa hakifiki ila kwa kuangushwa na ndege. Tarehe 2 Desemba 1944 waliutwaa mji wa Kalewa, wakavuka mto Chindwin, na juu ya mto huo wahandisi wakajenga daraja la futi 1,154, lililokuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake, ambalo Jeshi la 14 lililitumia kuelekea tambarare za Mandalay.

Mchezo ule wa kompyuta huujua unene wa bamba mpaka milimita ya mwisho, wala siudharau kwa hilo, kwani ni nadra kupata darasa la fizikia ambalo wanafunzi hulipa fedha zao wenyewe ili waingie. Lakini homa haimo katika hesabu zake, wala njaa, wala tope linalomeza mguu mpaka gotini; na kifaru kilichoteketea hurudi uwanjani baada ya nukta chache, ambapo huko Taukkyan, nje ya Yangon, yapo majina ya watu wapatao 27,000 yaliyochongwa juu ya nguzo za mawe, watu wasiokuwa na kaburi lijulikanalo, na Waafrika wa Keya wamo.

Basi enyi vijana wa Levolosi, na wa Kaloleni, na wa Ngarenaro, chezeni, na mkicheza mhesabu: andikeni uzito na kasi katika daftari, choreni pembe, mjue kwa nini kombora hili lilipenya na lile likateleza. Kisha mwende nyumbani mkawaulize wazee wenu ni nani katika ukoo aliyekwenda Burma na ni nani asiyerudi, mkaliandike jina lake katika daftari hilo hilo.