Loho za Angani na Watoto wa Mlima Kenya

Tarehe 18 Desemba 2019, kutoka Kourou katika Guiana ya Ufaransa, roketi ilipaa na chombo cha nchi za Ulaya kiitwacho Cheops. Kazi yake ni kuzichunguza sayari za nyota za mbali. Lakini kimebeba pia loho mbili za madini ya titani, zilizochorwa picha 2,748 za watoto wa Ulaya. Kila picha imepunguzwa mara elfu, ikawa ndogo kuliko ukucha. Waama, sisi tuliosoma chuoni kwa loho za mti twajua kuosha na kuandika upya. Hizi za angani haziosheki.

Sasa twende Nyeri. Mtoto wa huko, mpe kalamu za rangi, aghalabu ataanza na mlima. Huuona alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika: Kirinyaga, meta 5,199, na kilele atakiacha cheupe, kama alivyofunzwa na wakubwa wake. Weupe huo ndio wenye shaka. Barafu ya Lewis, kubwa kuliko zote za mlima huo, imeyeyuka mpaka yamebaki masalio. Yamkini mjukuu wa mtoto huyu ataijua kwa picha tu.

Ukishuka Nanyuki, ilipopita Ikweta, utawakuta vijana na mabakuli yao wakiwaonyesha watalii maji yanavyozunguka upande huu na upande ule. Ni mazingaombwe ya kujipatia riziki, na siwalaumu. Nguvu ya kweli ya Ikweta ni nyingine. Hapo ardhi huzunguka kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa, na roketi irushwayo kuelekea mashariki huupata mwendo huo bure.

Ndiyo sababu Wataliani walikuja Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wakasimamisha majukwaa yao baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, satelaiti ya Wamarekani ilirushwa hapo, nayo ikapewa jina la Uhuru. Urushaji ulikoma mwaka 1988. Na Taifa-1, satelaiti ya Kenya yenyewe, ilipokuwa tayari Aprili 2023, ilibidi ikapandie roketi California! Mgeni alirushia kwetu, nasi tukarushia kwake.

Taifa-1 ilitumwa kutazama mashamba na misitu, jambo la maana. Hata hivyo nauliza: satelaiti itakayofuata, itashindwa kubeba kibati kimoja cha michoro ya watoto? Uzito wake ni wa kupimwa kwa gramu. Walimu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wakusanye milima yao, wa Lamu na Ngomeni wakusanye majahazi yao, na mafundi wa Nairobi wapunguze. Na wafanye haraka, kabla mtoto wa Nyeri hajaanza kukipaka kile kilele rangi ya jiwe.