Hesabu za Kutajwa na Uzito wa Kazi ya Mtafiti

Usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu hutoka katika ghuba za Rusizi, wilaya ambayo wengi wangali wakiiita Cyangugu, ikaingia Ziwa Kivu na taa zake kuwavuta sambaza. Samaki huyo mdogo, jamaa ya dagaa, si mwenyeji wa ziwa hilo. Vifaranga wake vililetwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya miaka ya 1958 na 1960, baada ya wataalamu kutambua kwamba maji ya juu ya Kivu yamejaa vijidudu, ila hayana samaki wa kuvila. Ilipita miaka kadhaa kabla ya kujulikana hakika kwamba mgeni amekubali makao mapya. Leo sambaza huuzwa Kamembe na Bukavu, hukaangwa, hukaushwa, huvushwa mpaka, na huingia katika vyungu vya watu wasiopata kusikia jina la mtaalamu hata mmoja aliyehusika.

Taarifa ya kazi hiyo iliandikwa kwa Kifaransa, katika jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji. Ikiwa mtu angetaka kuupima uzito wake kwa njia inayotumika sasa duniani, asingehesabu samaki wala vyungu. Angehesabu ni mara ngapi taarifa hiyo imetajwa na waandishi wengine wa makala za kitaalamu. Ndiyo njia inayotumika katika vyuo vikuu vingi kumpandisha mhadhiri cheo, na ndiyo ambayo baadhi ya watoao fedha za utafiti huitazama kabla ya kutia sahihi. Kwa nchi isiyo na fedha za kuchezea, yafaa ijulikane njia hiyo inapima nini hasa.

Asili yake ni mahakama. Askari wa upelelezi aliyewahi kupeleka shauri mbele ya hakimu, katika nchi zinazofuata taratibu za sheria za Kiingereza, anajua kwamba mawakili hujenga hoja zao juu ya hukumu zilizotangulia. Hatari yao ni kuegemea hukumu ambayo imekwisha kutenguliwa. Mwaka 1873 Mmarekani mmoja aitwaye Frank Shepard alianza kuwauzia mawakili wa jimbo la Illinois orodha zilizoonyesha kila hukumu imetajwa wapi baadaye, na kando ya kila kutajwa ikawekwa alama: hukumu hii imefuatwa, hii imetiliwa shaka, hii imetenguliwa. Wakili aliyekuwa na orodha hiyo hakuaibishwa barazani.

Eugene Garfield aliiona orodha hiyo akavutiwa. Mwaka 1955 aliandika katika jarida la Science akipendekeza kwamba sayansi nayo iwe na faharasa ya namna hiyo, ili mtafiti asome makala ya zamani kisha ajue ni nani walioiendeleza au kuipinga. Taasisi yake ya mjini Philadelphia iliitoa faharasa hiyo katika miaka ya mwanzo ya 1960. Toleo la kwanza lilipitia majarida 613 ya mwaka 1961, kazi kubwa kwa mashine za siku zile, na kutoka humo ilizaliwa kanzidata ambayo leo huitwa Web of Science.

Lakini katika safari ile ya kutoka mahakamani kwenda maabara, kitu kimoja kilidondoka njiani. Zile alama za Shepard hazikufika. Faharasa ya sayansi ilionyesha kwamba fulani amemtaja fulani, isionyeshe kama alimtaja kwa kumkubali, kwa kumkanusha, au kwa kupita tu.

Mfano mzuri umetoka Tanzania. Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, aliona wakati wa kutengeneza barafu ya maziwa kwamba maziwa yaliyotiwa yangali moto yaliganda kabla ya yaliyopoa. Wenzake walimcheka. Mwaka 1969 alitoa makala pamoja na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Dar es Salaam, na jina la Mpemba likaenea hata likawa jina la jambo lenyewe. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Burridge na Linden, walirudia majaribio kwa uangalifu mkubwa wakaandika kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha wa kulithibitisha jambo hilo. Wengine wangali wakibishana nao. Sasa, makala ile ya upinzani ilipoitaja ya Mpemba, hesabu ya Mpemba ilipanda kwa moja, sawasawa na ambavyo ingepanda kama wangeandika kuwa amepatia. Mashine haikujua tofauti. Hapana shaka kwamba kutajwa sana kunaonyesha kuwa kazi imewashughulisha watu, na hilo si jambo dogo. Kama imewashughulisha kwa ukweli wake au kwa utata wake, shurti mtu aifungue na kuisoma.

Juu ya hesabu hiyo vimejengwa vipimo vingine. Kimoja ni cha majarida: huchukuliwa idadi ya mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimetajwa mwaka huu, ikagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Garfield na mwenzake Irving Sher walikitunga ili kiwasaidie kuchagua majarida ya kuingiza katika faharasa, na wakutubi nao wakakitumia kuamua ni majarida gani ya kununua. Baadaye kikaanza kutumiwa kupima watu, jambo ambalo halikuwa kusudi lake. Ni kama kumpa askari alama za kulenga shabaha kwa kutazama wastani wa kikosi chake. Kipimo kingine, kiitwacho h, kilitungwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California. Mtafiti mwenye makala kumi ambazo kila moja imetajwa angalau mara kumi ana h ya 10. Mwenye makala mbili tu, hata kama kila moja imetajwa mara elfu, hawezi kuvuka h ya 2. Kijana aliyeanza kazi juzi atakuwa chini ya mzee wa miaka thelathini kazini, hata awe hodari namna gani.

Kuna jambo ambalo mkazi wa Rusizi analiona kwa karibu zaidi kuliko mtu wa Philadelphia. Kanzidata huhesabu tu kile ilichokubali kukipokea. Ng'ambo ya mto, kaskazini ya Bukavu, iko Lwiro, ambako mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi kubwa ya utafiti wa Afrika ya Kati. Humo zilikusanywa habari za matetemeko, za wanyama, za magonjwa na za ziwa lenyewe. Sehemu kubwa ya maandishi ya zama hizo ni taarifa na majarida ya Kifaransa. Vipimo vya gesi ya Kivu vilivyofanywa katika miaka ya 1970 na Mjerumani Klaus Tietze, ambavyo watafiti wa ziwa hilo wamevirejea kwa miaka mingi, vilitolewa mwaka 1978 katika tasnifu ya Kijerumani. Ripoti za wahandisi, tasnifu, majarida ya vyuo vya nyumbani: hivi vyote kanzidata kubwa zimezoea kuviacha nje, au kuvipokea kwa uchache. Scopus, iliyoanza mwaka 2004, ilipanua mlango kidogo. Google Scholar, ya mwaka huohuo, iliuacha wazi kabisa, ikaokota tasnifu na ripoti pamoja na takataka. Ndiyo maana mtafiti mmoja, siku moja, huweza kuwa na hesabu tatu zisizolingana, na zote tatu zikatolewa na mashine zisizosema uongo.

Wapo Waafrika waliojitahidi kuziba pengo. Tangu mwaka 1998 iko hazina ya majarida ya Afrika, African Journals Online, ambayo ofisi yake iko Afrika Kusini, na yenye majarida mengi yasiyopata nafasi kwingine. Hata hivyo mhadhiri wa Afrika ya Mashariki anayetaka kupanda cheo hushawishika kuandika jambo litakalompendeza mhariri wa Ulaya, kabla ya kuandika juu ya mihogo ya Bugarama au maporomoko ya udongo katika vilima vya kwao. Hasara ya namna hiyo haina safu katika hesabu yoyote.

Tena kuna udanganyifu. Mwaka 1975 mchumi wa Kiingereza Charles Goodhart alieleza kwamba kipimo kikishatumiwa kama shabaha ya utawala huacha kuwa kipimo cha kutegemewa. Polisi wanalielewa hili bila kufundishwa na mchumi. Kituo kikiambiwa kitapimwa kwa idadi ya watu kiliowakamata, mahabusu watajaa, na mtaa hautakuwa salama zaidi. Huenda kituo chenye mahabusu wachache ndicho kilichofanya kazi. Katika sayansi wametokea waandishi wanaojitaja wenyewe bila haya, makundi yanayotajana kwa zamu, na majarida ya biashara yanayochapa lolote mradi ada ilipwe. Wenye kanzidata hufukuza baadhi ya majarida kila mwaka kwa hila hizo. Wanasayansi nao hawakukaa kimya: tamko lililoandaliwa San Francisco mwaka 2012 lilitaka mtafiti asipimwe kwa jina la jarida alimochapa, na mwaka 2015 wataalamu wa vipimo hivyo hivyo walitoa mwongozo unaofahamika kwa jina la mji wa Leiden, wakisisitiza kwamba hesabu ifuate hukumu ya wajuzi badala ya kuitangulia, na kwamba utafiti wenye faida ya mahali usidharauliwe.

Kwa majeshi ya ulinzi na usalama ya eneo la ziwa, neno hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Chini ya Kivu, kwa makadirio yanayokubaliwa, zimo kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya kaboni na 60 za methani. Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno likilinganishwa na Kivu, lilitoa hewa kama hiyo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, na watu wapatao 1,700 wakafa. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, maelfu walikimbilia Rubavu. Siku tano baadaye wakuu wa Goma waliamuru sehemu ya mji ihamwe, wakieleza kwamba moto wa chini ya ardhi umefika hata chini ya ziwa. Saa kama hizo, afisa anayesimamia barabara na mpaka huletewa maneno ya wataalamu wasiopatana. Hesabu ya kutajwa huweza kumwonyesha ni nani anayejulikana katika fani hiyo, na huo ni mwanzo unaofaa. Baada ya hapo maswali yake ni yale ya upelelezi: nani alipima, lini, mahali gani, kwa chombo gani, na ni nani mwingine aliyepima akapata jibu lilo hilo.

Majibu ya maswali hayo hutoka kwa watu ambao kazi yao haitajwi sana. Kushusha kipimajoto na vyombo vingine katika ziwa lenye kina cha mita 485, kuandika tarakimu, kurudi mwezi ujao na kuzikuta tarakimu zile zile, si habari ya kumpatia mtu makala katika jarida kubwa. Ziwa lisipobadilika hakuna jipya la kuchapa. Hata hivyo ni kwa tarakimu hizo zisizobadilika tu ndipo itakapojulikana, siku zitakapobadilika, kwamba zimebadilika, na mitumbwi ya sambaza iambiwe isitoke usiku huo.